Siku moja Lisbon kwa mume na mke: asubuhi Belém, mchana usingizi, usiku fado

*Swali: Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Birmingham. Oktoba hii tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tumepata tiketi za Lisbon. Tunafika Ijumaa usiku, tunaondoka Jumapili asubuhi, viza tumeshapata. Kwa hiyo tuna Jumamosi moja tu. Tungependa kuona mji, na usiku tutoke tusikilize muziki na kucheza kidogo. Hatunywi pombe, hatuli nguruwe, na mume wangu ana goti bovu. Kila mtu anatuambia lake: pandeni tramu namba 28, nendeni ngomeni, nendeni Sintra. Tufanye nini?*

Dada yangu, hongereni kwa miaka kumi, Mungu awazidishie.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili Lisbon. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na wengi ninaowapokea ni mume na mke wenye siku moja kama nyinyi. Nitakujibu kama ninavyowajibu wao: mchana rudini hotelini mkalale. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolipuuza, na ndilo linaloamua kama usiku mtaufurahia au mtauvumilia tu. Mji huu huchelewa. Chakula cha usiku huliwa saa mbili na nusu, fado, nyimbo za huzuni za hapa, hukolea kuanzia saa tatu, na kumbi za kucheza huwa tupu mpaka saa sita. Anayezunguka tangu asubuhi bila kupumzika hufika kwenye wimbo wa kwanza akiwa hoi, na goti la mumeo halitafika hata huko. Ihesabuni Jumamosi yenu kuwa siku mbili fupi, ya asubuhi na ya jioni, na katikati usingizi wa saa mbili. (Saa ninazoandika zote ni za Kiswahili. Kwenye tiketi mtaona 20:30. Hiyo ndiyo saa mbili na nusu usiku.)

Sasa ya kuacha. Sintra ni pazuri mno, lakini ni mwendo wa dakika arobaini hivi kwa treni, na majumba yake yako vilimani. Panataka siku yake peke yake. Ngome ya São Jorge ni kupanda na kushuka mawe, na kinachowavutia wengi kule ni mandhari, ambayo jioni mtaipata mkiwa mmekaa kitako. Tramu 28 ndiyo hasa nawaombeni muiache. Ni vibehewa vidogo vya zamani, vinapendeza kwenye picha, lakini foleni ya Martim Moniz Jumamosi inaweza kula saa nzima, halafu mnasimama mmebanana huku vibaka wakifanya kazi yao taratibu. Mimi mwenyewe nilichomolewa pochi humo mwaka wangu wa kwanza, na nilijiona mjanja. Utasikia pia habari za magari ya kamba yanayopanda vilima. Lile la Glória lilipata ajali mbaya Septemba 2025, watu 16 wakafa. Msiyaweke kwenye mipango yenu.

Kama hoteli bado hamjalipia, chukueni iliyo chini, kwenye tambarare: Baixa, Rossio au Cais do Sodré. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyolainishwa na nyayo za miaka mingi mpaka vinang'aa. Oktoba mvua ikinyunya kidogo tu, vinateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Viatu vyenye soli ya mpira, tafadhali, hata usiku. Vile vizuri ulivyonunua kwa ajili ya sherehe, vaa ukishafika mlangoni.

Kila mmoja wenu anunue kadi ya usafiri kwenye mashine ya metro, ile inayoitwa navegante, na aijaze tiketi ya saa 24. Kuna aina kadhaa. Chagueni yenye feri ya Cacilhas ndani yake, nitaeleza kwa nini. Mkichoka, teksi za kuita kwa simu zipo kila mahali na si ghali ukilinganisha na Birmingham. Kwa ajili ya goti, msizionee choyo.

Asubuhi tokeni mapema mwende Belém, magharibi ya mji, kwa tramu 15E. Hiyo ni ndefu, ya kisasa, mtapata viti. Saa mbili na nusu muwe mmeketi Pastéis de Belém, duka linalotengeneza vikeki vya mayai tangu 1837. Nje mtakuta foleni ya wanaonunua na kuondoka. Ipiteni, ingieni ndani, kuna vyumba baada ya vyumba vyenye kuta za vigae vya buluu na meza tele. Keki inaletwa ya moto. Ganda lake linavunjika tabaka kwa tabaka, juu ya krimu pana madoa meusi ya kuungua, na mezani pana vichupa viwili: mdalasini na sukari laini. Nyunyizeni mdalasini kwanza. Kila mmoja aagize viwili, kwa maana kimoja huisha kabla hujajua umekila.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Hapa, dada, ndipo ninapotaka mtu wa Mombasa atulie. Sehemu kubwa ya gharama zake ilitoka kwenye kodi ya sehemu moja kwa ishirini ya bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki ya mbali. Bustani ya ndani yenye matao inalipiwa na ina foleni. Kama goti limeamka vizuri na mmenunua tiketi mtandaoni, ingieni. Lakini kanisa lina mlango wake, na mimi nikilazimika kuchagua nachagua kanisa. Nguzo zake zinapanda nyembamba, zimechongwa kuanzia chini mpaka juu, halafu zinatawanya makuti ya mawe kwenye dari kama minazi. Ni nyumba ya ibada, kwa hiyo kukiwa na misa mtaambiwa mngoje.

Mkiingia tu, mkono wa kushoto chini ya roshani, kuna kaburi la Vasco da Gama. Amelala chali, mikono ameikutanisha kifuani kama anayeomba dua, na ubavuni mwa jeneza la mawe imechongwa merikebu yenye matanga. Alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi 1524, na mifupa yake ililetwa hapa 1880. Huyu ndiye aliyetia nanga mbele ya mji wenu Aprili 1498. Mombasa hawakuelewana naye, akasonga mbele hadi Malindi, akapokewa kwa heshima na kupewa rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut. Miaka saba baadaye, 1505, kundi jingine la merikebu chini ya Francisco de Almeida liliivamia Mombasa, likaipora na kuichoma. Na kuanzia 1593 wakajenga Fort Jesus mnayoijua.

Geukeni mkono wa kulia. Aliyelala huko ni Luís de Camões, mshairi wao mkubwa kuliko wote. Utenzi wake wa 1572, ambao kila mtoto wa Ureno huusoma shuleni, una sehemu ndefu ya da Gama akimsimulia historia ya Ureno mfalme wa Malindi. Nimewaleta pale wageni wa pwani wengi, na kila mara ni yale yale: mtu anaanza kwa kupiga picha, kisha anaishusha simu. Sisi tumesomeshwa habari za huyu bwana tangu darasa la nne, kumbe na sisi tumo humu, katikati ya fahari yao. Simameni hapo muda mnaoutaka.

Mnara wa Belém na lile sanamu kubwa la mabaharia lililo ufukweni vitazameni kwa nje, vinatosha hivyo. Mnara umekuwa kwenye matengenezo, na hata ukiwa wazi, ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka, goti halizitaki. Badala yake itisheni teksi iwapeleke Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, njiani mkirudi mjini. Kabla ya kwenda hakikisheni iko wazi siku hiyo, maana makumbusho kadhaa ya hapa yamekuwa yakifungwa kwa ukarabati. Ikiwa wazi, msizunguke jumba zima. Ulizeni kitu kimoja: Custódia de Belém.

Ni chombo cha kanisani, cha kuwekea mkate mtakatifu, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kimetengenezwa kwa dhahabu na rangi za kuyeyushwa: mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka duara, kila mmoja na uso wake, wengine na ndevu unazoweza kuzihesabu. Sonara alikuwa Gil Vicente, alikimaliza 1506. Na dhahabu yenyewe ni ya Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alirudi na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, na dhahabu ile ndiyo Manuel I aliyoamuru igeuzwe chombo cha monasteri mliyotoka kuiona. Kilwa ile aliyoitembelea Ibn Battuta 1331, mji uliokuwa ukipokea dhahabu ya Sofala. Leo ukienda Kilwa Kisiwani unaona magofu na mibuyu. Kipande cha utajiri ule kiko hapa, ndani ya kioo, chini ya taa. Mimi hukitembelea hata nisipokuwa na wageni. Sijawahi kutoka pale nikiwa na neno la kusema haraka, na sitaki kukuwekea wewe la kusema.

Kama imefungwa, nendeni Panteão Nacional, jumba jeupe lenye kuba upande wa Alfama. Humo kuna makaburi ya Amália Rodrigues, malkia wa fado, na ya Eusébio, aliyezaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1942. Mumeo akiwa mtu wa mpira, pengine atataka hilo hata makumbusho yakiwa wazi. Na kwa kuwa ni Jumamosi, kando yake mtakuta Feira da Ladra, mnada wa mitumba na vitu vya kale unaofanyika Jumanne na Jumamosi. Vigae vya zamani mtaviona vimepangwa chini. Wengine huvichomoa usiku kwenye kuta za nyumba za watu, kwa hiyo msinunue.

Chakula cha mchana kuleni Mouraria. Kuna mgahawa wa Kimsumbiji unaoitwa Cantinho do Aziz, kwenye kichochoro cha ngazi. Pigeni simu kwanza muulize meza na nyama yao inachinjwa vipi. Agizeni matapa. Wewe utakiita kisamvu: majani ya muhogo, karanga na tui la nazi. Na sambusa, hapa huitwa chamuça, zinauzwa hata kwenye vibanda vya chai, ila kwenye kibanda ulizeni ndani mna nini. Mkitaka chakula cha halali bila maswali, mtaa wa Benformoso hapo jirani umejaa migahawa ya Wabangladeshi, na kuna msikiti mdogo wa kuswali Adhuhuri. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko mbali kidogo, karibu na Praça de Espanha. Jamaa waliouanzisha wengi walitoka Msumbiji.

Mkitoka, shukeni mpaka uwanja wa São Domingos, dakika chache tu na ni mteremko. Mtakuta wazee wa Guinea-Bissau wamekaa wakipiga soga, na akina mama wana vikapu vya kola na pilipili. Watu weusi hawakuanza kukutana hapa jana. Hesabu ya 1551 ilikuta mji wa watu wapatao laki moja una watumwa karibu elfu kumi, na chama cha weusi cha Bibi Yetu wa Rozari kilikuwa na makao kwenye kanisa hilo hilo la São Domingos. Ingieni ndani dakika tano. Liliungua 1959, wakaezeka paa jipya lakini nguzo wakaziacha kama moto ulivyoziacha, zimebanduka na kupasuka. Nje kuna nyota ya jiwe ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na umati hapa mwaka 1506.

Kabla ya kulala, sehemu moja tu, nayo ni kwenye njia. Ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado kwa mlango wa chini, mtaa wa Crucifixo, mpande ngazi za umeme moja baada ya nyingine mpaka mtokee Chiado juu. Hamkati tiketi, na kilima kizima mmekipanda mkiwa mmesimama. Wenyeji wenye magoti mabovu wote wanaijua njia hii. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi uwanja wa Carmo. Kanisa lisilo na paa mnaloliona liliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Watakatifu Wote, watu wakiwa misani. Jengo la kando yake ni kambi ya askari, na ndimo Waziri Mkuu Marcelo Caetano alimojificha tarehe 25 Aprili 1974, siku jeshi lilipoipindua serikali yake, vifaru vya Kapteni Salgueiro Maia vikiwa vimeuzunguka uwanja na watu wakiwachomekea wanajeshi maua kwenye mitutu. Alisalimu amri jioni ile. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika, vikiwemo vya Msumbiji, vilivyoendeshwa na FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kufunza wapiganaji wake Nachingwea. Msumbiji ikawa huru mwaka uliofuata. Kaeni kwenye benchi chini ya miti, mnywe kahawa, halafu hotelini. Zimeni simu.

Amkeni kama saa kumi na moja na nusu, muoge, mvae. Katikati ya Oktoba jua hutua karibu saa moja jioni, na saa kumi na mbili na robo nataka muwe Cais do Sodré mkiingia feri ya Cacilhas. Wageni wengine wote wakati huo wanapanda kilima cha Senhora do Monte kugombea ukingo. Nyinyi ni watu wa Likoni. Machweo yenu yatafuteni majini. Ni dakika kumi tu kuvuka, pamoja na watu wanaorudi makwao na mifuko ya ununuzi, vijana na baiskeli, mama amembeba mtoto aliyelala. Tofauti na Likoni, hapa anayevuka kwa miguu analipa, ila kadi yenu imeshalipa. Kaeni upande wa kulia, dirishani. Mto Tejo hapo ni mpana kama bahari. Daraja jekundu upande wa jua lilifunguliwa 1966 likiitwa Salazar, jina la dikteta. Baada ya siku ile ya Carmo likapewa jina la 25 Aprili. Jua linashuka nyuma yake. Mkifika Cacilhas msiende mbali, kaeni gatini, kisha rudini na feri inayofuata, Lisbon ikiwasha taa zake mbele yenu kilima kwa kilima. Vaeni koti, upepo wa mto ni baridi. Magharibi mtaiswali mkiteremka.

Pale Cais do Sodré au Rossio mtaona moshi mweupe umetanda kama wa mchoma mahindi. Ni wauza castanhas, kokwa za kuchoma za msimu wa vuli, zinatoka na majivu ya chumvi juu ya ganda, zinafungwa kwenye karatasi. Nunueni fungu moja mle mkitembea, zinapasha mikono moto.

Sasa fado. Kwenu nyinyi mnaojua taarabu, sina haja ya kueleza sana kwa nini watu wanakaa kimya kumsikiliza mwanamke akiimba habari za aliyeondoka. Fado ilizaliwa kwenye mitaa ya mabaharia na maskini ya Lisbon katika karne ya 19, Alfama, Mouraria na Bairro Alto, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2011. Vyombo ni viwili: gitaa la kawaida, na gitaa la Kireno lenye tumbo la mviringo na nyuzi kumi na mbili, ambalo ndilo linaloongea na mwimbaji. Nendeni Alfama kwa teksi. Kuna nyumba kama Clube de Fado, ambako mnakula chakula kamili na kuwasikia waimbaji wa kazi hiyo, na kuna vijumba kama Tasca do Chico, ambako anaimba yeyote mwenye sauti na moyo, mmebanana kwenye vigoda. Kwa goti la mumeo na kwa siku ya ndoa yenu, chukueni ya kwanza. Bei itauma. Ni usiku mmoja.

Adabu zake ni hizi. Taa zikipunguzwa, ninyi nyamazeni. Hata wahudumu husimama na sahani mikononi. Mwimbaji atafumba macho, atainua kidevu, vidole vimeshika ncha za shali. Simu ikae mfukoni. Na hili ni muhimu kwa mtu wa taarabu: wimbo ukikuchoma, usiinuke kwenda kumtunza. Najua mkono utawasha. Mama mmoja wa Tanga niliyemleta aliinuka na noti yake katikati ya wimbo, akimnyooshea mwimbaji kama angefanya nyumbani, na ukumbi mzima ukashika pumzi. Mwimbaji alimwinamia kwa heshima akaendelea, lakini mama wa watu aliona haya mpaka mwisho. Pigeni makofi wimbo ukiisha, kwa nguvu, na mkitaka kumshukuru, nunueni santuri yake akipita mezani.

Mezani kuna mtego mmoja. Mkikaa tu, kabla hamjaagiza, vitaletwa mkate, zeituni, jibini, na mara nyingi nyama nyembamba nyekundu iitwayo presunto. Si zawadi, na presunto ni nguruwe. Msichokigusa hamkilipii, ndiyo sheria, kwa hiyo semeni mapema, "não, obrigado", wewe useme "obrigada", waondoe. Miaka ya mwanzo niliwaacha wageni wangu peke yao kwenye nyumba moja ya Alfama bila kuwaonya, bili yao ikapanda karibu euro thelathini kwa vitu walivyodhani ni ukarimu. Mpaka leo naona aibu. Agizeni pweza wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, polvo à lagareiro, au samaki wa kuchoma. Supu ya kijani, caldo verde, huwa na soseji ya nguruwe. Semeni "sem porco". Michuzi mingine ya chaza na kuku hutiwa mvinyo, ulizeni "tem vinho?" Na sikilizeni vizuri maneno ya pale mezani: mesa, copo, vinho. Ni meza, kopo na mvinyo zetu. Leso yako pia ilitoka kwao, lenço. Halafu ikija pilipili watasema piri-piri. Hiyo waliichukua kwetu.

Tokeni kama saa tano na nusu, kati ya wimbo na wimbo, si wimbo ukiendelea. Kama mnaona yametosha, yametosha. Rudini, mmeshapata usiku mzuri. Kama miguu bado inataka, nendeni B.Leza, ukumbi wa Kikaboverde ulio kando ya mto karibu na Cais do Sodré, mkiwa mmeangalia ratiba yao ya wiki hiyo. Nawapeleka huko kuliko ule mtaa wa baa uliopakwa rangi ya waridi na Bairro Alto, ambako Jumamosi ni umati wa vijana na vikombe vya bia barabarani, hakuna pa kukaa na hakuna pa kucheza. B.Leza kuna bendi, kuna watu wa miaka hamsini na sitini waliovaa wakapendeza, na soda haimshangazi mtu. Watapiga morna, wimbo wa polepole aliotufikishia Cesária Évora, kisha funaná ya kodiani na chuma cha kukwaruza, kisha kizomba ya Angola. Kizomba mumeo ataiweza hata na goti: haina kuruka, ni kuegemeana na kutembea. Mtu anaweza kuja kukuomba mcheze; ni desturi ya ukumbi, hakukusudia ubaya. Weka mkono kifuani, tabasamu, mwoneshe mumeo, naye ataondoka kwa heshima.

Njiani, hasa Rua Augusta na Rossio, vijana watawanong'oneza kwamba wana bangi ya kuuza. Mara nyingi ni majani ya jikoni tu. Msijibu, msisimame. Metro hufungwa saa saba usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo ni teksi, na ndege yenu ikiwa ya alfajiri, itisheni mapema kwa sababu Jumapili huchelewa kuja.

Meza ya fado wekeni wiki hii hii, Jumamosi za Oktoba hujaa. Mkiandika, semeni mko wawili, ni siku ya ndoa yenu, hamli nguruwe wala hamnywi, na mnaomba viti vya ukutani, vyenye egemeo na pa kunyoosha mguu. Wakijibu kwamba wanaweza kuwapa za karibu na wapiga magitaa, zichukueni.